Tisa kwa Safu Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Picha za pasi nne tu leo. Watatu wa vitambulisho na msichana mmoja anayetafuta kazi ya kushona kule viwandani Athi River. Alitaka kutabasamu. Nikamwambia picha ya pasi haitabasamu. Nimefunga studio saa tisa. Mji wote vumbi.

Nyumbani mke wangu, Mama Mwende, alikuwa uani anapepeta ndengu. Nimekaa karibu naye. Siku hizi hatusemi mengi.

Muli amepiga simu. Ndugu yangu huyu anapenda kupanga mambo. Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi, tarehe moja Machi, mwaka mmoja kamili tangu Mwende atutoke. Kaburi litatiwa saruji siku hiyo. Vitabu vyake vitapelekwa shule ya msingi aliyosoma. Mama yetu, Susu kama wajukuu wanavyomwita, amesema vitu vya binti yetu visikae ndani kupita mwaka. Nimesema sawa. Sikuwa na nguvu ya kusema kitu kingine.

Nimefungua sanduku nione ni vitabu vingapi. Juu kabisa kulikuwa na lile daftari la miraba. Nimelifunga tena.

Jumanne, 4 Februari

Niandike lilivyoanza. Nimeanza kusahau vitu vidogo.

Mwende alikuwa darasa la tano. Aliniona nikipanga wenzake kwa picha ya darasa. Sheria zangu ni mbili, na sijawahi kuzibadilisha. Kila safu inapanda kutoka kushoto kwenda kulia, mfupi hadi mrefu. Na kila aliye nyuma awe mrefu kuliko aliye mbele yake. Basi. Hapo nyuso zote zinaonekana.

Jioni akaniuliza, "Baba, ziko njia ngapi za kuwapanga hivyo?"

Nikasema, "Moja. Yangu."

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Miaka ikapita. Likizo ya Desemba, akiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akaja na jibu. Alitupima sote kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, nyumba yangu na ya Muli pamoja, watu kumi. Alama za penseli ziko pale hadi leo. Akachukua vizibo kumi vya soda, akaviandika namba kwa rangi ya kucha ya mama yake. Kyalo, mtoto mdogo wa Muli, alikuwa moja. Susu tatu, akalalamika kwamba zamani alikuwa mrefu. Mwende mwenyewe alikuwa tano. Mama yake sita. Mimi tisa. Muli kumi, na akaringa siku nzima.

Kumi kwa safu mbili za watano: njia arobaini na mbili. Amezichora zote, mpango mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ameupigia tiki nyekundu.

Ukurasa unaofuata ameandika juu: "Tisa kwa safu tatu. Kwa Baba." Chini yake mipango saba. Halafu ukurasa mweupe.

Hakuna tarehe. Sijui kama aliandika Desemba ile au hospitalini. Tulikuwa kumi nyumbani. Kwa nini aliandika tisa?

Jumatano, 5 Februari

Sikulala vizuri. Nimeamua kuumaliza ukurasa ule kabla daftari halijaenda. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kupanga watu kwa kimo nimefanya miaka thelathini. Hiyo hesabu ni yangu kama ilivyo yake.

Mama Mwende nimemwambia. Amesema, "Tisa ni tatu mara tatu, Baba Mwende. Usitafute maneno mengine humo." Akaendelea kuosha sufuria.

Vizibo vilikuwa kwenye kopo la chumvi. Nimetoa kimoja, nikabaki na tisa. Nimechora miraba tisa kwenye kadibodi.

Ijumaa, 7 Februari

Ameacha maneno machache pembeni: "Kati: 4, 5 au 6 pekee." Imenichukua siku mbili kuona sababu. Anayesimama katikati ya watu tisa lazima awapite watatu kwa kimo: wa kushoto kwake, wa mbele yake, na yule wa kona ya mbele kushoto. Kwa hiyo hawezi kuwa chini ya nne. Na lazima apitwe na watatu: wa kulia kwake, wa nyuma yake, na wa kona ya nyuma kulia. Kwa hiyo hawezi kupita sita.

Rahisi hivyo. Angeweza kunieleza kwa dakika moja. Angeanza na "Sikiza, Baba," na kidole hewani.

Mipango yake saba yote ina nne katikati.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani asubuhi. Watu wananiuliza habari, nasema nzuri.

Mchana nimekaa na vizibo. Za nne nimepata kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Nikajua kuna mmoja umejificha, kwa kuwa mingine ilikwenda kwa jozi, na mmoja haukuwa na mwenzake. Nimeupata saa kumi na moja jioni. Kumi na mbili.

Nilitaka kumwita mtu. Nimeinuka kabisa kwenye kiti.

Jumatano, 12 Februari

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kamera ya sanduku. Ndani yake watu walionekana vichwa chini, wa kulia yuko kushoto. Ulizoea. Ulijua kumpanga mtu akiwa amepinduka.

Leo nimelipindua daftari hivyo hivyo. Juu ikawa chini, kulia kukawa kushoto. Halafu nikaandika moja mahali pa tisa, mbili mahali pa nane, hivyo mpaka mwisho. Kila mpango ulisimama sawasawa kwa sheria zote mbili. Na aliyekuwa nne katikati akawa sita.

Kwa hiyo za sita nazo ni kumi na mbili. Sikuhitaji hata kuzitafuta. Kumi na mbili upande huu, kumi na mbili upande ule, kama mizani ya bucha ikitulia. Katikati zimebaki za tano.

Tano ni Mwende. Nitaanza Jumatatu.

Ijumaa, 14 Februari

Picha ya darasa, shule moja njia ya Tala. Darasa la sita, watoto thelathini, safu tatu za kumi. Jua kali. Kelele yao ya kutaniana nilikuwa nimeisahau.

"Wewe Mutiso, inama, unaziba jua!"

"Na wewe nenda mbele, hata mbuzi wa kwetu anakupita!"

Wote wakacheka, hata aliyeambiwa.

Nilipomaliza kupanga kukabaki nafasi moja wazi, safu ya kati. Mwalimu akasema Mumbua hayuko, ana malaria. Kazi yangu hapo ni neno moja. Nimelisema maisha yangu yote: songeni. Pengo halikai kwenye picha. Mzazi akinunua picha hataki kuona shimo.

Leo neno halikutoka. Nilisimama na mkono juu. Mwalimu akanitazama. "Mzee wa picha, si uwaambie wasonge?"

Nikashusha mkono. Akawaambia mwenyewe. Wakasonga hatua moja moja, wakisukumana. Haikuchukua muda. Pengo likaisha na Mumbua akawa kama hakuwahi kuwa darasa lile. Mumbua atapona, atarudi Jumatatu. Nalijua hilo. Bado nililazimika kuirudia picha mara tatu.

Jumatatu, 17 Februari

Sikufungua studio. Nimeanza za tano.

Nimemweka Mwende katikati. Susu mbele yake, Ndinda mdogo wake kushoto, mama yake kulia, mimi kwenye kona ya nyuma. Halafu ninabadilisha. Yeye habadiliki. Kila mpango yuko pale pale, sisi ndio tunamzunguka.

Nimeona pia jinsi zinavyogawanyika. Kuna kona mbili zinazobishana: ya mbele kulia na ya nyuma kushoto. Kwa za tano, ni kona moja tu kati yao yenye mtu mfupi kuliko wa kati. Nimezimaliza zile za kona ya mbele kulia. Tisa. Za kona nyingine nitafanya polepole. Sina haraka.

Jioni nimekula muthokoi sahani mbili. Mama Mwende alinitazama, akaongeza tena bila kuuliza.

Hii ndiyo siku nzuri ya kwanza. Nimeandika ili nijue ilikuwapo.

Alhamisi, 20 Februari

Mama Mwende alikuja na chai, akasimama nyuma yangu. Nilimwonyesha. Hapa Susu, hapa Ndinda, hapa wewe. Akatazama muda mrefu.

"Muli yuko wapi?"

Nikasema Muli ni kumi. Tunapanga tisa. Nilipopunguza vizibo nilitoa cha kumi.

"Umemtoa Muli," akasema. "Baba Mwende, Muli yuko hai. Jumapili alikuwa hapa, amenimalizia sukari."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Aliweka kikombe mezani, akaenda nje.

Sikuwa nimeona. Wiki mbili na zaidi. Mtu akisema tisa kutoka kumi, mkono unatoa cha mwisho. Ndivyo ulivyofanya wangu. Nimemzika ndugu yangu nikambakiza binti yangu, nikamweka katikati, nikala sahani mbili.

Chai imepoa hapo hapo.

Jumamosi, 22 Februari

Sikugusa vizibo. Nimelala mchana. Sikuota kitu.

Hesabu ni ile ile, hilo nalijua. Ukimtoa Muli au ukimtoa Mwende, wanabaki tisa, wa kwanza mfupi, wa mwisho mrefu. Ile ishirini na nne haibadiliki. Hata zile tisa za juzi hazibadiliki. Sheria haiulizi ni nani aliyetoka. Sikujua kama naweza kuichukia hesabu.

Jumatatu, 24 Februari

Muli amekuja kuhusu ibada. Saruji imefika. Hema litatoka kanisani. Akasema baada ya sala familia ipige picha, nami niitege kamera ijipige yenyewe ili niwemo. Nikasema hapana.

"Kwa nini, kaka?"

Nikamsogezea chai. Aliona vizibo mezani, akachukua kile cha kumi, akakigeuza vidoleni. "Hii ni mimi, eh? Mwende alisema mimi ndiye mnara wa mtandao." Akakirudisha polepole. Macho yake yalikuwa mekundu. Muli huwa halii mbele ya watu. Amekwenda bila kumaliza chai.

Sitaki picha ya watu tisa. Nikiipiga itakuwa kweli kwa namna nyingine. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Jumatano, 26 Februari

Siku tatu zimebaki. Ukurasa una mipango thelathini na mitatu. Nimemwambia Mama Mwende daftari liende hivyo hivyo, halijaisha.

Alijipangusa mikono, akaketi mbele yangu, mahali alipokuwa akiketi Mwende. Akakirudisha cha kumi kati ya vingine. Kisha akachukua cha tano, akakishika kidogo, akakitia mfukoni mwa aproni.

Palibaki mraba mtupu katikati ya kadibodi.

Akachukua cha sita, ambacho ni chake mwenyewe. Akakisukuma mpaka pale.

"Mimi ndiye ninayefuata," akasema. "Nitasimama hapo."

Mkono wake ulikuwa umetulia. Alivisogeza vyote, saba mahali pa sita, nane mahali pa saba, mimi mahali pa nane, Muli mahali pa tisa. Tulibandika karatasi juu ya namba za zamani, ndogo ndogo, kwa ugali uliobaki. Rangi nyekundu inaonekana bado ukiangalia kwa pembeni.

Hatukuhesabu leo. Tulikaa tu.

Alhamisi, 27 Februari

Tumezimaliza. Yeye anasogeza, mimi naandika. Za kona ya nyuma kushoto nazo ni tisa. Hivyo za tano ni kumi na nane.

Kumi na mbili, kumi na nane, kumi na mbili.

Nimejumlisha mara nne. Mama Mwende amejumlisha kwa ndengu, akazipanga mezani kwa makumi. Arobaini na mbili.

Nikafungua ukurasa wa Mwende wa nyuma. Kumi kwa safu mbili: arobaini na mbili.

Tulikuwa kumi, njia arobaini na mbili. Tuko tisa, njia arobaini na mbili. Mtoto ametoka na jumla haikupungua hata moja.

Mama Mwende aliuliza, "Labda ndiyo maana alichagua tisa? Alikuwa ameshaona?" Labda. Labda alifurahi tu kwamba zinalingana, kama alivyokuwa akifurahia vitu hivyo. Labda alikuwa kitandani na alijua. Nimemtafuta kwenye mwandiko wake, kama kalamu ilitetemeka. Haikutetemeka. Mwandiko wake mzuri wa siku zote.

Sikupata faraja yoyote. Nilidhani nitaipata.

Nimeandika 42 chini ya maneno yake, kwa penseli. Sikupiga tiki. Tiki zilikuwa zake.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefunga sanduku kwa kamba ya katani. Vitabu ishirini na sita na daftari. Mama Mwende aliuliza kama nataka kulibakiza daftari. Nilitaka. Susu alikuwa mlangoni, akaniangalia kwa upole. Yeye amezika watoto watatu. Nikaliacha ndani.

Pale shuleni mtoto atalifungua, aone miraba na namba, asijue kwamba mikono iliyoandika ni miwili.

Jumamosi, 1 Machi

Ibada ilianza saa nne. Watu wengi, wengine sikuwajua, marafiki zake wa chuo. Mmoja alinishika mkono akasema Mwende alikuwa akiwafundisha wenzake bila kuchoka. Nikasema asante. Saruji ilimwagwa. Ilikuwa ya kijivu, laini, nikafikiri jinsi itakavyokuwa ngumu kesho.

Sanduku likaondoka kwenye pikapu ya mwalimu mkuu.

Halafu wote wakasimama tu, wakisubiri. Hakuna aliyeniomba tena. Walikuwa wamesimama ovyo kwenye tuta lililo chini ya nyumba, wengine nyuso zimefichwa, Susu kamezwa kabisa na Kioko, mwanangu. Sikuweza kuvumilia kuwaona wamekaa vibaya hivyo. Nikaleta kamera na miguu yake.

Niliwapanga kwa ngazi tatu za tuta. Watatu, watatu, watatu. Kyalo kona ya mbele kushoto. Muli kona ya nyuma kulia. Mama Mwende katikati. Kushoto kwake nikaacha upana wa mtu mmoja. Sikukusudia. Mikono iliwapanga hivyo.

Kioko akaona. "Baba, hapa pako wazi."

Nilisikia kuku wa jirani tu.

Nikasema, "Songeni."

Wakasonga. Nikaitega kamera, nikakimbilia mahali pangu, nyuma ya Mama Mwende. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka kidogo, ukatulia taa ya kamera ilipowaka.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefungua studio, nikatoa picha moja, nikafunga.

Nimeiweka juu ya meza ya jikoni. Mama Mwende ameitazama, akasema Susu ametoka vizuri. Ameenda kuanika ndengu. Kizibo cha tano bado kimo mfukoni mwa aproni yake, nakisikia kikigonga sarafu anapotembea.

Ni picha nzuri. Safu zinapanda. Nyuso zote zinaonekana. Mtu asiyetujua akiiona atahesabu tisa, aone tumetimia.

Nimetafuta mahali alipopaswa kusimama. Hapaonekani. Nilipafunga vizuri.